Ufunguo wa Droo ya Tatu

Jumatatu moja jioni nilikuwa nafunga maabara. Feni nilishazizima, darubini nilishazifunika, nimebakiza spektrofotomita tu, mashine ya kupima jinsi kimiminika kinavyofyonza mwanga. Nina tabia ya kuinua kifuniko chake kabla sijaizima, maana wanafunzi husahau vitu mle ndani. Siku hiyo walikuwa wamesahau kuveti moja, kile kichupa cha pembe nne ambacho unatia kimiminika ili mwanga ukipenye. Chini kulikuwa na matone mawili matatu yamebaki.

Nikaitoa, nikaishika kwa juu, nikaigonga kwa ukucha.

Mlio wa plastiki.

Nikabaki nimesimama. Kwenye skrini bado kulikuwa na jedwali la mchana: sampuli kumi na mbili za DNA ya mwani, zote zimepimwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 260, zote zinaelea karibu na sifuri. Mfukoni mwa koti langu kulikuwa na ufunguo wa droo ya tatu. Ndani ya droo hiyo, kwenye kisanduku chenye kitambaa cha samawati, zilikuwemo kuveti zetu mbili za kwatsi, madini angavu kama kioo. Mbili tu, kwa maabara nzima.

Walio kwenye kazi hii wameshaelewa. Wengine nivumilieni kidogo.

"Rudia"

Binti mwenye sampuli zile alikuwa anafanya utafiti wa shahada ya pili juu ya mwani, huu wanaolima kina mama pwani. Anayejua mwani anajua utelezi wake. Ukiusaga ili utoe DNA unapata kitu kama mlenda, na ule mlenda unashikana na DNA, unaziba pipeti, unaharibu kila hatua inayofuata. Kwa hiyo aliponiletea vipimo vya kwanza, vimelala chini kabisa, sikushangaa hata kidogo.

Nikamwambia arudie, aoshe zaidi, aongeze chumvi kwenye bafa, ule mchanganyiko wa kutolea DNA.

Akarudia. Vipimo vile vile. Nikamwambia hasagi vizuri. Akasaga mpaka kinu kikalia. Vile vile. Nikamwambia labda mwani wake umekaa sana juani kabla ya kuuleta, akapanda basi alfajiri kwenda kuchukua mwingine. Msiniulize kwa nini hatukupitisha hata sampuli moja kwenye jeli tukaiona kwa macho: rangi ya jeli ilikuwa imekwisha na oda ilikuwa imekwama mahali, kama kawaida ya oda.

Wiki tatu. Kila nikimwambia rudia, ananijibu, "Sawa, mwalimu."

Mimi si mwalimu. Ni fundi wa maabara, miaka ishirini na kitu sasa. Ila wanafunzi wakiniita hivyo huwa sikatai.

Ukuta usioonekana

Plastiki ya kuveti za kawaida ni safi. Ukiiweka juu ya gazeti unasoma kila herufi. Kioo pia. Jicho linakwambia hapa hakuna kizuizi, na jicho halisemi uongo, linasema tu habari za mwanga linaouona. Ukishuka chini ya nanomita 340 hivi, ukaingia kwenye mwanga wa urujuanimno, plastiki ile inaanza kufunga mlango. Ukifika 260, pale DNA inapofyonza mwanga kwa nguvu, kuveti ya plastiki ni ukuta. Kioo cha kawaida nacho ni hivyo hivyo. Kinachopitisha ni kwatsi.

Sasa, kinachotisha ni hiki. Mashine haikwambii kwamba haioni.

Unaweka kuveti ya maji matupu ili mashine ijue sifuri yake. Mwanga haupiti, lakini ndani ya mashine yoyote huwa kuna mwanga kidogo uliopotea njia, wa rangi nyingine, unaopenya plastiki bila shida. Mashine inauchukua huo uchache, inauita mia kwa mia. Kisha unaweka kuveti ya DNA. Ule mwanga uliopotea njia DNA haiugusi kabisa, kwa hiyo unapita vile vile, na mashine inahesabu: hakuna tofauti, hakuna DNA. Inaandika 0.012. Tarakimu tatu baada ya nukta, imetulia kama karani wa benki.

Usiku ule nilifanya jaribio la dakika mbili ambalo nilitakiwa kulifanya wiki tatu nyuma. Niliisafisha kuveti ya plastiki, nikaiweka tupu, nikaiambia mashine ipime kutoka nanomita 400 ikishuka hadi 220, ikilinganisha na hewa. Mstari ukaenda bapa, bapa, halafu ukapanda kama ukingo wa mwamba.

Malimau

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma usiku habari za kampuni moja ya Pasadena, California. Sijui kama nilikuwa natafuta maarifa au mtu wa kushirikiana naye aibu. Nilijua jina, kila mtu wa maabara analijua: Beckman.

Arnold Beckman alizaliwa mwaka 1900 kwenye kijiji cha Cullom, Illinois, mtoto wa mhunzi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na huyu alifanya yote mawili. Alisoma kemia, akapita New York kwenye maabara za simu ambako alijifunza valvu za elektroniki, zile za redio za zamani, kisha akarudi Caltech, chuo cha teknolojia cha California, akapata udaktari mwaka 1928 na kubaki hapo akifundisha. Pembeni alikuwa na kazi ndogo ya wino. Kampuni moja ilitaka wino usiogandia kwenye mashine za kupiga mihuri ya posta, yeye akaubuni, ila ulikuwa na asidi ya butiriki, harufu ya siagi iliyovunda, hakuna kiwanda kilichokubali kuutengeneza. Ikabidi autengeneze mwenyewe.

Katikati ya miaka ya 1930 akamjia mtu waliyesoma naye chuo, Glen Joseph, aliyekuwa anafanya kazi kwa wakulima wa machungwa na malimau wa California. Malimau yasiyofaa kuuzwa yalikuwa yanakamuliwa ili kupata bidhaa nyingine, na Joseph alitakiwa kupima ukali wa asidi ya maji yake. Karatasi za litmasi hazikusaidia, maana maji yale yalitiwa dioksidi ya salfa ili yasiharibike, nayo inapausha rangi. Alikuwa anatumia elektrodi za kioo chembamba mno pamoja na galvanomita, kipimo cha umeme mdogo, vyote vyepesi kuvunjika.

Beckman akamwambia aachane na galvanomita, atumie valvu kukuza ule umeme mdogo. Umeme ukikuzwa, elektrodi inaweza kuwa ya kioo kinene, isivunjike ovyo. Akamtengenezea moja. Baada ya muda Joseph akarudi kuomba ya pili, kwa sababu ile ya kwanza wenzake kazini walikuwa hawaishi kuiazima.

Hapo ndipo Beckman alipogutuka kwamba ana biashara mkononi. Mwaka 1935 mita ya asidi ikaanza kuuzwa kwa dola 195, na kampuni ikaitwa National Technical Laboratories.

Napenda sana kile kipande cha kuazima. Hakuna aliyefungia kifaa droo.

Modeli A

Kufika 1940 walikuwa wanataka kutengeneza kifaa kingine, cha kupima jinsi vitu vinavyofyonza mwanga. Aliyeongoza kazi ni Howard Cary. Wazo lilikuwa la watu wasio na makuu: umeme unaotoka kwenye seli ya mwanga ni mdogo sana, na wao tayari wana kifaa cha kukuza umeme mdogo sana. Modeli za mwanzo zilikuwa zinaunganishwa kabisa na mita ya asidi pembeni, ile ile ya malimau.

Modeli A ilikuwa na prizimu, kile kipande kinachotawanya mwanga katika rangi zake, ya kioo.

Niliposoma hapo niliweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Watu wale walikuwa mafundi wa kioo! Walikuwa wanauza elektrodi za kioo. Na bado prizimu yao ya kwanza ilikuwa ya kioo, na kioo kikawafungia mlango wa urujuanimno, pale pale ambapo wanakemia wa viumbe hai walikuwa wanapahitaji. Basi Modeli B ikawa na prizimu ya kwatsi. Modeli C ikaboresha namna ya kuchagua urefu wa wimbi. Halafu ikaja ya nne, Modeli D, yenye kikuza umeme ndani yake na taa ya hidrojeni itoayo urujuanimno wa kutosha, na hiyo ndiyo waliyoiingiza sokoni kwa jina la DU mwaka 1941. Bei dola 723.

Modeli B zilitengenezwa mbili tu, C tatu. Yaani walikuwa wanatengeneza, wanatazama, wanaona kasoro, wanaacha, wanaanza upya. Ile D ilidumu. Iliuzwa mpaka 1976, zaidi ya mashine 30,000.

Kosa lao la kioo na langu ni ndugu, baba mmoja. Tofauti ni kwamba wao hawakumwambia mtu mwingine arudie.

Sifa

Hapa lazima niseme habari ya babu yangu.

Babu alikuwa fundi wa majahazi, upande wa Pangani. Chombo kikishakalafatiwa kilipakwa sifa. Vijana wa siku hizi wakisikia sifa wanafikiria kusifiwa, lakini sifa ya babu ilikuwa mafuta ya maini ya papa, yanayeyushwa kwenye pipa juani, yananuka mpaka mbwa wanahama. Mbao zikishaishika hazinyonyi maji. Sisi watoto tulikuwa tunarudi nyumbani na ile harufu kwenye nywele, bibi anatuogeshea nje.

Sasa fikiria mshangao wangu kukuta kwamba soko la mwanzo la DU lilikuwa mafuta yale yale.

Maini ya papa yana vitamini A kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wavuvi wa California waligundua kwamba kuna aina moja ya papa, ambaye zamani hakuwa na bei, maini yake yameshiba vitamini hiyo kuliko mafuta ya chewa yaliyokuwa yakitoka Ulaya ya kaskazini. Vita vilipozuia mafuta ya Ulaya, papa wakawa dhahabu. Swali likawa: pipa hili lina vitamini kiasi gani? Lile je? Njia iliyokuwepo ilikuwa kulisha panya na kusubiri kwa wiki kadhaa uone wanakuaje, halafu ukubali kwamba jibu linaweza kukosea kwa robo nzima. Vitamini A inafyonza mwanga karibu na nanomita 328. Kwa prizimu ya kioo upo gizani au kwenye utusitusi. Kwa kwatsi, ni kazi ya dakika chache.

Wiki za panya zikawa dakika. Ndiyo maana mashine ile iliuzika.

Miaka ya mwisho ya 1940 vitamini A ya viwandani ikaingia sokoni, maini ya papa yakapoteza thamani, na papa wa California walikuwa tayari wamevuliwa vibaya. Babu yangu, upande huu wa dunia, aliendelea kupaka chombo chake. Hakujua kwamba ana kitu kinachopimwa. Wala sidhani angejali, wallahi, maana shida yake ilikuwa maji yasiingie.

Mkono ulivyokuwa unajua

Nilipoajiriwa, kwenye stoo yetu kulikuwa na Beckman moja ya zamani. Haikuwa inatumika kwa utafiti tena. Mzee aliyenipokea kazini, Mungu amrehemu, aliitoa siku moja, akaifuta vumbi, akanifundisha nayo kwa muda wa mwezi mmoja kabla hajaniruhusu kugusa mashine mpya. Mimi nikaona ananichelewesha.

Kifaa kile hakifanyi kitu kwa niaba yako. Unageuza piga mpaka kwenye urefu wa wimbi unaoutaka. Unaziba mwanga, unarekebisha mshale ukae katikati. Unafungua mwanga upite kwenye kuveti ya maji matupu, na sasa unazungusha kitasa cha mwanya, ule upenyo mwembamba unaopitisha mwanga, unaupanua taratibu mpaka mshale urudi katikati. Kisha unasukuma kibebeo, kina nafasi nne, sampuli inakaa kwenye njia ya mwanga. Mshale unakimbia. Unaufuata kwa piga nyingine mpaka utulie, ndipo unasoma namba na kuiandika kwa mkono. Ukitaka namba ya nanomita inayofuata, unaanza tena.

Namkumbuka mzee akinishika kiganja na kuniambia nisikilize kitasa, si kwa sikio, kwa vidole.

Usiku wa kuveti ya plastiki ndipo nilipomwelewa. Ukitumia kuveti ya plastiki au ya kioo kwenye 260 na mashine ile, unafungua mwanya, mshale haurudi. Unafungua zaidi. Haurudi. Unafungua mpaka kitasa kinagoma, na mkono wako unajua, kabla ya namba yoyote kuandikwa, kwamba hapa mwanga haupiti. Mashine za sasa zinafanya kazi hiyo ya kutafuta sifuri zenyewe, kwa sekunde moja, bila kukusumbua.

Nisieleweke vibaya, siitamani ile ya zamani irudi. Sampuli kumi na mbili kwa DU ni alasiri nzima na maumivu ya mgongo. Zile za kwanza zilitaka hadi betri kama ya gari pembeni kuendesha taa. Na anayedhani watu wa zamani hawakukosea hajawahi kusoma madaftari yao. Lakini kuna kosa moja ambalo mashine ile ilikuwa inalikataa kwa mkono wa mtumiaji, na hii yetu inalipokea kwa adabu zote.

Hata hivyo siwezi kulitupia kampuni hili. Kwenye ubavu wa boksi la kuveti za plastiki imeandikwa zinafaa kuanzia nanomita ngapi. Maandishi madogo, lakini yapo. Boksi lile nililipokea mimi, nikalisainia mimi, nikalipanga rafuni mimi.

Vipande vya karatasi

Kuna mtu mwingine nimekuwa nikimfikiria: Erwin Chargaff, wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake walichapisha ushahidi kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi. Chargaff akaacha alichokuwa anafanya, akaingia kwenye DNA. Wakati huo wengi waliamini DNA ni kitu butu, besi zake nne, zile kemikali zinazoijenga, zikijirudia sawasawa, kila moja kwa kiasi kile kile.

Yeye na wenzake wakaivunja DNA, wakazitenganisha besi kwenye karatasi kwa kromatografia, wakakata vipande vya karatasi pale kila besi ilipokaa, wakaviloweka, na kile kilichotoka wakakipima kwa spektrofotomita ya urujuanimno. Kiasi kidogo mno. Wakakuta besi hazilingani hata kidogo, zinatofautiana kati ya kiumbe na kiumbe. Ila kila mahali adenini ilikaribiana na thimini, na guanini ilikaribiana na sitosini. Kufika 1950 alikuwa ameshaliandika hilo. Miaka mitatu baadaye ilikuja kuonekana kwa nini, pale muundo wa nyuzi mbili ulipochapishwa.

Ninachojiuliza ni kitu kidogo tu. Kama mmoja wao siku hiyo angekosa kuveti ya kwatsi, akachukua ya kioo, angepata namba zinazofanana kwa besi zote nne, zote zikielea karibu na sifuri. Angesema nini? Pengine angesema: naam, DNA ni kitu butu, kama tulivyoambiwa.

Namba mbovu ikikubaliana na unachokiamini tayari, nani ataigonga kwa ukucha?

Mimi niliamini mwani ni mgumu.

Kufuli

Droo ya tatu haikuwa na kufuli zamani. Miaka miwili iliyopita kuveti moja ya kwatsi ilivunjika, mikononi mwa mwanafunzi aliyekuwa anaisafisha kwa haraka. Kuagiza nyingine kulichukua muda mrefu na fomu nyingi, na mtu fulani wa juu alisema neno mbele ya watu kuhusu mafundi wasiotunza mali. Kesho yake nikanunua kufuli kwa pesa yangu.

Nikabandika karatasi: *Kuveti za kwatsi, muone fundi.*

Nilidhani watakuja. Sikujiuliza mtu anayeogopa atafanya nini akiwa na boksi la plastiki mbele yake linaloonekana sawa kabisa, na fundi aliyenuna upande wa pili wa chumba.

Kampuni ile ya Pasadena nayo ilipata kufungiwa, ila kwa kufuli la serikali. Wajapani walipoteka mashamba ya mpira ya Asia ya kusini mashariki, Marekani ikaanza mpango wa kutengeneza mpira wa viwandani, na ikahitaji vifaa vya mwanga wa infraredi kupima malighafi yake. Beckman akatengeneza, lakini kwa siri ya vita, hakuna ruhusa ya kutangaza wala kuandika. Vita vinaisha, washindani wao Perkin-Elmer wamekwishauza vyao na soko wamelishika. Cary naye aliondoka mwaka 1946, akaanzisha kampuni yake. Jina lake bado limebandikwa kwenye spektrofotomita zinazouzwa leo, ingawa kampuni ilinunuliwa na Varian mwaka 1966, nayo Varian ikanunuliwa na Agilent mwaka 2010. Wenye maarifa huwa hawakai kwenye droo muda mrefu.

Nilichomwambia

Jumanne ile asubuhi nilifungua droo. Binti alipoingia, "Shikamoo, mwalimu," nikaitikia, nikamsogezea kisanduku cha samawati kana kwamba ni jambo dogo.

"Leo jaribu na hizi."

Akapima. Sampuli ya kwanza ikasoma 0.41. Kwa DNA ya nyuzi mbili, kipimo cha 1 ni maikrogramu 50 kwa mililita, kwa hiyo hapo alikuwa na zaidi ya 20. Mwani ule! Akapiga kelele ya furaha, akaziba mdomo, akaendelea. Zote kumi na mbili.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Umeona? Ukisaga vizuri inatoka."

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Baada ya siku tatu akaja mezani kwangu na tyubu za wiki ya kwanza. Alikuwa hakuzitupa, zilikuwa friza. Alikuwa amezipima kwa udadisi wake tu.

"Mwalimu, mbona hizi nazo ni nzuri?"

Nikamwambia labda zilitulia kwenye baridi. Jibu la kijinga, na nadhani alilijua kuwa la kijinga, maana aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida kabla ya kusema sawa.

Hilo "sawa" ndilo limenikalia koo wiki tano. Kuveti ningeisahau. Watu hukosea kuveti kila siku duniani. Lakini kumwacha mtu aamini kwamba wiki tatu za maisha yake zilipotea kwa sababu ya mikono yake, wakati mikono yake ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza!

Wale wa mwaka jana

Ijumaa iliyopita nilimwita. Nikampa kiti. Nikaweka kuveti mbili mezani, ya plastiki na ya kwatsi, nikamwambia azitazame. Akasema zinafanana. Nikampeleka kwenye mashine, tukaziweka tupu, moja moja, tukaangalia mistari. Mwamba ule ukapanda tena. Nikamweleza yote, pamoja na kufuli, pamoja na lile la baridi.

Nilikuwa nimejiandaa alie, au akasirike, au anisamehe. Nilikuwa hata na maneno tayari kwa kila moja.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kutazama skrini, akihesabu kitu kichwani.

"Kufuli umeliweka lini, mwalimu?"

Nikamwambia.

"Na wale wa mwaka jana?"

Alipoondoka nilichukua daftari la matumizi ya mashine. Mwaka jana watatu walipima DNA kwenye 260. Kwenye safu ya maelezo, mwandiko wangu, mara tatu kwa miezi tofauti: *uchimbuaji haukufaulu, arudie.* Mmoja alirudia mara mbili kisha akabadili mada, akaandika tasnifu juu ya bei za mwani badala ya mwani wenyewe. Wawili sikumbuki waliishiaje.

Jumamosi hatufanyi kazi, lakini nilikwenda. Tyubu zao zilikuwa chini kabisa ya friza, kwenye mfuko wa nailoni ulioganda, maandishi ya kalamu yamefifia. Umeme umekatika mara nyingi tangu wakati huo, kwa hiyo huenda DNA imekatikakatika. Mwanga wa 260 haubagui nzima na iliyovunjika, zote unazihesabu. Nilichagua sita zilizosomeka majina, nikaziyeyusha juu ya barafu, nikaosha kuveti za kwatsi mara tatu, nikaweka maji matupu, nikasubiri taa ipate joto.

Nne zilikuwa nayo.

Nimeshapata namba ya simu ya yule wa bei za mwani. Imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, kipo kwenye droo ya tatu, na droo sasa haina kufuli. Tangu jana nimeitazama mara kadhaa.